Magauni ya kale yanavyofichua siri za enzi zake

MKAZI wa Pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuambiwa kwamba nguo husema. Leso ina jina lake lililopigwa chapa karibu na pindo, na mwanamke anayetaka kumjibu jirani yake bila kufungua kinywa huenda dukani akachagua leso yenye maneno yanayomfaa.

Magauni waliyovaa wanawake wa Ulaya katika karne za 18 na 19 hayana maandishi. Hata hivyo, nayo husema, tena husema mengi ambayo waliyoyavaa hawakukusudia yajulikane. Katika majumba ya makavazi kama vile Victoria and Albert mjini London, wageni husimama mbele ya magauni hayo wakistaajabia hariri na lesi. Anayeyatazama kwa uzuri wake pekee huambulia nusu ya habari.

Nusu ya pili hupatikana kwa kuuliza maswali machache. Kitambaa kilitoka wapi? Nani alikishona, na kwa ujira gani? Mvaaji aliweza kufanya nini akiwa ndani ya gauni hilo, na alishindwa kufanya nini? Aidha, sheria ya wakati huo ilisema gauni lenyewe ni mali ya nani? Majibu ya maswali hayo huonyesha ni nani alifaidi na ni nani aliumia katika enzi hiyo.

Malkia aliyevaa pamba

Katika karne ya 18, gauni rasmi la mwanamke wa tabaka la juu nchini Ufaransa lilikuwa la hariri, na sketi yake ilitanuliwa pande mbili za kiuno kwa fremu iliyofichwa ndani. Magauni mapana zaidi yalimlazimu mvaaji kupita mlangoni kwa ubavu. Aliyevaa hivyo hangeweza kuteka maji wala kukoka moto, na hilo halikuwa kosa la mshonaji. Upana ule ulitangaza kwamba mwenye gauni anao watu wa kumfanyia kazi.

Hariri hiyo ilifumwa kwa wingi katika mji wa Lyon, ambako maelfu ya familia ziliutegemea ufumaji kwa riziki. Kwa hivyo, wakuu wa ufalme walipovaa hariri hawakuwa wanajipamba tu, bali walikuwa pia wakiitegemeza biashara ya taifa.

Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha mjini Paris picha ya Malkia Marie-Antoinette akiwa amevaa gauni jeupe la melimeli, kile kitambaa chepesi cha pamba, na kofia ya ukili kichwani. Hakuwa na fremu wala vito. Watazamaji walighadhabika. Baadhi walisema malkia amechorwa akiwa na nguo za ndani. Wengine walilalamika kwamba anaidharau hariri ya Lyon na kutukuza pamba ya kigeni. Picha ikaondolewa na pahali pake pakawekwa nyingine, ambayo ndani yake malkia yule yule ameshika waridi lile lile lakini amevaa hariri.

Kwa nini kitambaa kizue hasira kiasi hicho? Sababu ni kwamba gauni lilikuwa kitambulisho cha cheo. Iwapo malkia atavaa kitu ambacho mke wa mfanyabiashara anaweza kukinunua, basi mpaka baina ya mtawala na mtawaliwa unabaki wapi?

Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789 yalilijibu swali hilo kwa ukali. Marie-Antoinette alinyongwa kwa kukatwa kichwa Oktoba 16, 1793. Siku 13 baadaye, serikali ya mapinduzi ilipitisha amri kwamba kila raia, mwanamume kwa mwanamke, yuko huru kuvaa apendavyo na asilazimishwe na yeyote.

Uhuru huo haukudumu bila mipaka. Mwaka 1800 polisi wa Paris walitoa agizo kwamba mwanamke anayetaka kuvaa kama mwanamume sharti apate kibali chao. Agizo hilo lilikuja kusahaulika, lakini ni mwaka 2013 tu ambapo serikali ya Ufaransa ilitangaza rasmi kwamba halina nguvu tena.

Pamba ilitoka wapi?

Kufikia mwisho wa karne ya 18, mtindo uliomletea malkia matusi ulikuwa umeshinda. Wanawake wa Paris na London walivaa magauni meupe, mepesi, yaliyofungwa chini ya kifua badala ya kiunoni, kwa kuiga sanamu za Wagiriki na Warumi wa kale. Fremu ziliwekwa kando na mwili ukapata nafasi ya kupumua.

Wepesi huo ulikuwa na gharama ambayo haikuonekana katika kumbi za dansi. Melimeli bora ilitoka Bengal, hasa Dhaka, ambako mafundi walisokota uzi mwembamba mno kwa mikono. Baadaye viwanda vya Uingereza viliiga kitambaa hicho kwa mashine, na mashine zikahitaji pamba nyingi kuliko ilivyowahi kuhitajika.

Mwaka 1793 Mmarekani Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambulia pamba, yaani kutenganisha mbegu na nyuzi. Huenda mtu akadhani kwamba mashine ya kupunguza kazi ingewapunguzia watumwa mzigo. Mambo yalikwenda kinyume. Kwa kuwa sasa pamba iliweza kuchambuliwa haraka, wenye mashamba walitaka kulima zaidi, na ili kulima zaidi walitaka watumwa zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 1790 ilionyesha watumwa karibu 700,000 nchini Marekani. Kufikia mwaka 1860 walikuwa karibu milioni nne, na wengi wao walifanya kazi katika mashamba ya pamba ya majimbo ya kusini. Pamba yao ndiyo iliyolisha sehemu kubwa kabisa ya viwanda vya Manchester na viunga vyake.

Pamba hiyo hiyo ilifika hata Afrika Mashariki. Kuanzia miaka ya 1830, baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar shehena za kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa. Wenyeji walikiita marekani, kwa jina la nchi kilikotoka, na neno hilo limo katika Kiswahili hadi leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba iliadimika, viwanda vya Uingereza vikafungwa, na biashara ya marekani katika Pwani ikayumba. Mwanamke wa London aliyekosa gauni jipya na mwanamke wa Zanzibar aliyekosa shuka hawakujuana, lakini shida yao ilitoka katika shamba moja.

Gauni jeupe la arusi

Wengi wa wanaofunga ndoa kanisani nchini Kenya huona gauni jeupe kuwa desturi isiyo na mwanzo. Ukweli ni kwamba desturi hiyo ina historia fupi, na mtu aliyeieneza kuliko wengine wote anajulikana.

Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert mjini London Februari 10, 1840. Kabla ya hapo, bibi arusi wa kawaida alivaa gauni lake bora kuliko yote, la rangi yoyote, kwa sababu alitarajia kulivaa tena. Nguo nyeupe haikuwa ngeni, ila ilikuwa anasa. Katika miji iliyojaa moshi wa makaa, ni tajiri tu aliyemudu nguo inayoonyesha kila doa.

Victoria alivaa atlasi nyeupe iliyofumwa Spitalfields, mtaa wa London uliosifika kwa ufumaji wa hariri tangu Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa walipohamia huko. Juu yake palikuwa na lesi iliyotengenezwa kwa mikono na wanawake zaidi ya 200 wa kijiji cha Beer na viunga vyake, katika jimbo la Devon. Mafundi hao walikuwa wakipoteza kazi kwa sababu mashine zilikuwa zimeanza kutoa lesi kwa bei nafuu.

Hivyo basi, gauni lile lilikuwa pia tangazo la biashara. Malkia alitumia mwili wake kuwatafutia mafundi wa Uingereza soko. Picha za arusi ile zilienea katika magazeti na vitabu, na kidogo kidogo weupe ukapewa maana ya usafi wa moyo na ubikira. Maana hiyo ndiyo iliyosafiri na wamishonari hadi Afrika, wala habari ya mafundi wa lesi haikufuatana nayo.

Feleji chini ya hariri

Kufikia miaka ya 1850 sketi zilikuwa zimepanuka tena. Ili kuzitanua, mwanamke alivaa magagulo matano, sita au zaidi, mengine yakiwa yametiwa singa za farasi. Uzito wake ulimchosha na joto lake lilimtesa.

Mwaka 1856 ilisajiliwa nchini Ufaransa hataza ya krinolini mpya. Ilikuwa fremu yenye umbo la kengele, iliyotengenezwa kwa pete za feleji nyembamba zilizoshikanishwa kwa utepe. Ilikuwa nyepesi, na gagulo moja au mawili yalitosha juu yake. Kwa kuwa viwanda viliweza kuitoa kwa maelfu, bei yake ilishuka hata vijakazi wakaivaa. Kwa mara ya kwanza, mtumishi na bibi yake waliweza kuwa na umbo moja barabarani, jambo lililowaudhi mabibi na kuwapa wachora vibonzo kazi ya miaka mingi.

Lakini sketi yenye upana huo ilikuwa na hatari yake. Mvaaji hakuweza kujua pindo lake limefika wapi, na nyumba za wakati huo zilijaa mishumaa na meko ya wazi. Hewa iliyokuwa chini ya krinolini ilichochea moto, na pete za feleji zilifanya iwe vigumu kumfunika mtu blanketi ili kuuzima. Mwezi Julai 1861 Frances, mkewe mshairi Henry Wadsworth Longfellow wa Marekani, alifariki baada ya gauni lake kushika moto nyumbani. Mwaka 1871 dada wawili wa kambo wa mwandishi Oscar Wilde, Emily na Mary, walikufa kwa moto wa magauni katika hafla moja nchini Ireland.

Mkasa mkubwa zaidi ulitokea Santiago, mji mkuu wa Chile, Desemba 8, 1863. Kanisa la La Compañía liliteketea likiwa limejaa waumini, na zaidi ya watu 2,000 waliangamia, wengi wao wakiwa wanawake. Sketi pana zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozuia watu kufika mlangoni.

Rangi ya dawa, rangi ya sumu

Rangi za magauni nazo zina kisa chao. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Uingereza ilihitaji sana dawa hiyo kwa sababu malaria iliwaua askari na watumishi wake katika makoloni. Kwinini hakuipata. Alichopata ni masalio yaliyotia hariri rangi ya zambarau isiyopauka upesi.

Zambarau ilikuwa rangi ya gharama tangu zamani za Warumi. Katika muda wa miaka michache ilipatikana hata kwa mke wa karani, na viwanda vya rangi za kemikali vikazaliwa. Tamaa ya makoloni ilikuwa imetafuta dawa ikapata mtindo wa mavazi.

Kijani kilikuwa na habari mbaya zaidi. Kijani kilichopendwa sana wakati huo kilitengenezwa kwa shaba na aseniki, ambayo ni sumu kali. Ilitiwa katika vitambaa na katika maua bandia ya kupamba magauni na nywele. Novemba 1861, Matilda Scheurer, msichana wa miaka 19 aliyekuwa akinyunyizia maua hayo unga wa kijani katika karakana moja ya London, alifariki kwa sumu ya aseniki. Aliyevaa ua lile huenda aliwashwa ngozi. Aliyelitengeneza alikufa.

Saa 26 bila kupumzika

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo yaufaa mwaka 1863, wakati jamii ya juu ya London ilipojiandaa kwa dansi ya heshima ya Alexandra wa Denmark, aliyekuwa ameolewa na mrithi wa kiti cha ufalme.

Mabibi walitaka magauni mapya, na waliyataka upesi. Mary Ann Walkley, mshonaji wa miaka 20, alifanya kazi kwa saa 26 na nusu mfululizo pamoja na wasichana wengine wapatao 60, 30 katika chumba kimoja kisicho na hewa ya kutosha. Aliugua siku ya Ijumaa na kufa Jumapili. Kifo chake kiliandikwa magazetini na kuzua mjadala mkali, na Karl Marx alikitaja katika kitabu chake kuhusu mtaji kilichochapishwa mwaka 1867.

Wakati huo cherehani ilikuwa tayari imebuniwa. Elias Howe alipata hataza yake mwaka 1846, na Isaac Singer, ambaye jina lake lajulikana na kila fundi wa nguo nchini Kenya, alipata yake mwaka 1851. Cherehani ingeweza kumpunguzia mshonaji saa za kazi. Badala yake, mitindo ilibadilika na kudai nakshi, mikunjo na marinda mengi zaidi, na muda uliookolewa ukamezwa na mapambo.

Katika miaka hiyo hiyo, Mwingereza Charles Frederick Worth, aliyefungua duka lake Paris mwaka 1858, alizoea kushonea jina lake ndani ya magauni kama msanii anayetia saini mchoro wake. Majina ya wanawake walioshika sindano hayakushonwa popote.

Gauni la nani?

Swali la mwisho linahusu umiliki. Kwa mujibu wa sheria ya zamani ya Uingereza, mwanamke alipoolewa mali yake inayohamishika iligeuka kuwa ya mumewe. Mtetezi wa haki za wanawake Millicent Fawcett alisimulia jinsi mwizi alivyomwibia kibeti katika kituo cha reli cha Waterloo. Mahakamani mwizi alishtakiwa kwa kuiba mali ya Henry Fawcett, mumewe. Ni sheria ya mwaka 1882 iliyompa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki, kununua na kuuza mali kwa jina lake.

Madai ya mavazi yalikwenda sambamba na madai ya haki. Mwaka 1881 iliundwa London jumuiya iliyopinga nguo zinazobana kiuno na kuzuia mwendo. Jumuiya hiyo ilipendekeza kwamba nguo za ndani za mwanamke zisizidi ratili saba, yaani kilo tatu na ushei. Kiasi hicho kikiwa ndicho nafuu iliyodaiwa, msomaji anaweza kukisia mzigo uliokuwapo. Katika miaka ya 1890 baiskeli ilifanya kile ambacho hotuba zilishindwa kufanya, kwa kuwa sketi ndefu na mnyororo wa baiskeli havipatani.

Waliodai kura nao walijua nguvu ya gauni. Katika mkutano mkubwa wa Hyde Park, Juni 21, 1908, waandamanaji walihimizwa kuvaa nguo nyeupe zenye utepe wa zambarau na kijani. Rangi zile zile zilizokuwa anasa na sumu zikawa bendera. Wanawake wa Uingereza waliotimiza miaka 30 na masharti ya mali walipata kura mwaka 1918, na usawa kamili na wanaume mwaka 1928. Kufikia wakati huo gauni lilikuwa limepanda hadi magotini, na mwanamke aliweza kukimbilia basi.

Vipande vilivyobaki

Magauni mengi yanayoonekana katika makavazi ni ya matajiri. La maskini halikubaki. Lilivaliwa likachakaa, likakatwa likawa nguo ya mtoto, kisha likawa kitambaa cha kufutia sakafu.

Hata hivyo, kuna pahali pamoja ambapo nguo za maskini zimehifadhiwa. Mwaka 1741 hospitali ya Foundling ya London ilianza kupokea watoto wachanga ambao mama zao hawakuweza kuwalea. Majina ya mama hayakuandikwa. Badala yake, kipande cha nguo kilikatwa, mara nyingi kutoka kwa kile alichovaa mtoto, kikabanwa kwenye karatasi ya usajili ili kiwe alama. Mama akirejea siku moja, angeweza kukieleza kitambaa kile au kuonyesha nusu aliyobaki nayo.

Vipande karibu 5,000 vya miaka ya 1741 hadi 1760 vipo hadi leo. Vingi ni vya pamba, kitani na sufu, vyenye maua na mistari, kwa kuwa nguo za watoto zilishonwa mara nyingi kutokana na magauni makuukuu. Ndio mkusanyo mkubwa kuliko wote wa nguo za watu wa kawaida wa Uingereza ya karne ya 18.

Katika kipindi hicho hospitali ilipokea watoto zaidi ya 16,000. Waliochukuliwa tena na mama zao walikuwa 152.